Dawa Iliyokuwa Kabatini

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Miaka sita sijakuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika kwa sababu nimeambiwa jambo ambalo bado sijajua nilishike vipi, na mwenye haki ya kuambiwa ni wewe.

Ilikuwa Jumatatu ulipojikata mguu kwa jembe tukichimba matuta ya shamba la mbaazi. Uliosha kidonda kwa maji ya chumvi, ukakifunga kwa kipande cha leso, ukaniambia, "Mwende, chimba, mvua haitungoji." Alhamisi ulikuwa unatetemeka juani. Tulipokufikisha kwenye hospitali yetu ndogo, ulikuwa unaniita kwa jina la marehemu nyanya. Nesi Katunge alikuwa peke yake zamu ile. Alikupima, akakutibu malaria, akaita ambulensi kutoka mjini. Ilipofika, ulikuwa umeshatuacha.

Wiki iliyopita kitindamimba wako, Kavata, alikuwa na siku nane tangu ajifungue. Nilikuwa dukani Sultan Hamud mume wake aliponipigia simu. "Dada, Kavata anaongea vitu havieleweki."

Nilimkuta kwenye wodi ile ile, akitetemeka vile ulivyotetemeka, akihema kama aliyekimbia. Nikasema moyoni, basi, tunaanza tena.

Lakini Katunge alivuta stendi yenye skrini mpaka kando ya kitanda, na daktari mwanamke akatokea humo. Alikuwa hospitali kubwa, mjini.

"Nisogezee kamera usoni mwake," akasema. "Anapumua mara ngapi kwa dakika? Presha? Leo amekojoa?"

Katunge akajibu moja moja.

"Bonyeza ukucha, tuone damu inarudi haraka aje."

Haikurudi haraka.

"Hiyo si malaria, sista. Wadudu wameingia kwenye damu, ni sepsis. Usingoje ambulensi. Toa damu ya kupima, halafu anza dawa ya kuua hao wadudu sasa hivi, na dripu. Mimi niko hapa, sitoki."

Katunge alipiga hatua tatu, akafungua kabati, akatoa chupa mbili ndogo. Daktari alibaki pale kwenye skrini akiuliza presha kila mara, mpaka ambulensi ikaja. Kavata alipopandishwa, aliniuliza kama mtoto amenyonya. Sasa yuko nyumbani, Mwaitu. Anakula.

Jumatano nilirudi kumshukuru Katunge. Nikamuuliza, bila kufikiria sana, kama dawa ile ililetwa pamoja na skrini. Akaketi kwanza.

"Hapana, Mwende. Hiyo dawa tumekuwa nayo siku zote. Hata siku ya mama yako ilikuwa hapo. Niliona homa nikafikiria malaria, na sikuwa na mtu wa kuuliza. Tulipofunzwa kuhusu sepsis ndipo nikaelewa ilikuwa ni kile kidonda cha mguu. Tangu siku hiyo nikikuona sokoni napita njia ingine."

Hasira niliitafuta nikaikosa. Nilitoka nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama kuna mtu namngoja.

Jioni nilimwendea Baba. Tangu tukuzike amekuwa akisema ni yeye aliyekuchelewesha, kwa kuwa asubuhi ile alituambia tungoje homa ishuke. Nilidhani nampelekea nafuu. Alikuwa anapepeta ndengu. Nilipomaliza kueleza, uteo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Unaniambia tulifika mapema?"

"Tulifika mapema, Baba."

Aliuweka uteo chini, akasema, "Heri ingekuwa ni kosa langu. Hilo nilikuwa nimelizoea."

Sina cha kuongeza, Mwaitu. Lala salama. Sisi huku bado tumeduwaa.

Ni mimi, kifunguamimba wako,
Mwende