Gunia la Baba Mbele ya Rejeta

Mzee Andongwisye, mshauri wetu wa gazetini, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimebanwa, maana mama yangu, Tabita, hasemi nami tangu Jumapili, na chanzo ni lori. Marehemu baba aliondoa themostati mwaka ule ule alioanza kuliendesha, mahali pake akafunga gunia la kahawa mbele ya rejeta kuzuia upepo wa baridi, gunia alilolishona mama kwa mkono wake, na asubuhi za Juni ukungu ukiwa bado umelala mashambani baba aliweka kiganja kwenye boneti huku akiimba tenzi taratibu, hata leo nikinusa gunia lililopata joto namwona amesimama pale. Basi mwezi uliopita nikapeleka mahindi Galula, nikateremka bondeni kwenye joto na gunia limefungwa vile vile, nimesahau, lori likachemka, gasketi ikaungua. Fundi ameweka gasketi nyingine na anataka nirudishe themostati, muuza vipuri wa Tunduma ananiambia, "Chukua ya digrii 160 za Farenhaiti, ndugu yangu, Galula ni tanuri," dereva mwenzangu Boazi anasema 180, na mama anasema, "Baba yako hakulichemsha hata siku moja. Unataka kumfundisha kazi akiwa kaburini?" Msimu wa kahawa umefika, na lori hili likifa hatuna jingine. Nishike lipi?

Zebedayo, Iyula

Marahaba, Zebedayo. Kwa gasketi nakupa pole, kwa gunia sikupi. Umeteremka mpaka Galula hukushuka hata mara moja kutazama mbele ya gari lako?

Nami niliendesha malori yenye magunia mbele ya rejeta. Hewa ilipobadilika tulisimama, tukafungua kamba, tukapiga soga na wenye mashamba, tukaendelea. Hatukuwa na haraka siku zile.

Sasa sikiliza. Themostati ni mlango mdogo wa maji. Maji yakiwa baridi hujifunga, injini ipate joto upesi. Yakifikia digrii zilizogongwa juu yake huanza kufunguka, maji yakapoe kwenye rejeta. Ikishafunguka yote, ya 160 haipozi kuliko ya 180. Bondeni Galula kinachopoza ni rejeta safi, feni na maji ya kutosha. Hasara ya 160 utaiona hapo hapo Iyula: injini itabaki vuguvugu, itakunywa petroli, na unyevu utageuza oili kuwa uji.

Tazama kitabu cha lori. Kikisema 180, funga 180. Ila huko kwenu juu maji huchemka yakikaribia 203, basi zibua rejeta kwanza. Themostati yenyewe itie katika sufuria ya maji jikoni, uione ikifunguka kwa macho yako. Usitumie sufuria ya mama. Una kesi ya kutosha.

Na usimwambie mama kwamba baba alikosea. Mwambie ukweli: baba mwenyewe ndiye aliyekuwa themostati, kwa kiganja chake na kwa kushuka kila mahali, na wewe bado hujaufikia uangalifu ule. Safari ijayo ya Galula mkalishe mbele, gunia lile likunje aketi juu yake. Mkifika bondeni simama, ashuke, aweke kiganja kwenye boneti kama mumewe. Kisha nyamaza, umwache aseme yeye.