Njaa Aliyoificha Ngendo

S.L.P. 47,
Kutus.
9 Machi 2025.

Mpendwa Tata Wakonyo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mama, dada yako, na sisi sote. Je, goti lako limepata nafuu? Mama aliniambia unawainua wazee kitandani zamu baada ya zamu na hupati nafasi ya kuketi. Natumaini baridi ya huko Marekani imeanza kulegea na kwamba sasa unalala vizuri.

Sisi huku tunaendelea. Mvua imeanza, baba amepanda maharagwe kati ya mistari ya kahawa, na hoteli ya mama bado inajaa siku za soko. Mimi bado niko hapo, napika chapati asubuhi na kuuza chai hadi jioni.

Tata, ulipopiga simu Krismasi ukaomba kumwona mdogo wangu Ngendo, mama alikuambia ati amelala. Hakuwa amelala. Alikuwa amejifungia chumbani na hakutaka kuonekana na mtu. Najua baadaye ulisikia mengine, kwamba alipata mimba, kwamba alirogwa. Ningekupigia nikueleze, lakini simu ya nyumba hii huwekwa spika na kila mtu huongea kwa wakati mmoja. Ngendo mwenyewe amekubali nikuandikie.

Unamkumbuka alivyokuwa. Mtoto wa mashavu, anayecheka kabla mzaha haujaisha. Cucu, nyanya yetu, alikuwa akimshika mkono na kumsifu kwamba amenona, naye Ngendo alifurahi, kwa sababu kwetu hilo lilikuwa neno zuri. Alipoenda shule ya bweni, maneno yaligeuka. Alipokuwa kidato cha pili wasichana wa bweni lake walimpa jina, wakamwita Pipa. Likizo ya Agosti mmoja wao akatuma picha yake akiwa na nguo za michezo kwenye kundi la WhatsApp la darasa, na wengine wakaichekea siku nzima. Ngendo aliiona kwenye simu ya mama. Aliifuta, akaenda kuosha vyombo, na hakumwambia mtu yeyote.

Kutoka hapo alianza kupunguza chakula. Shuleni aligawia wenzake sahani yake. Nyumbani hilo lilikuwa gumu, maana mama hulisha nusu ya Kutus na hawezi kumwona mtu ameketi bila sahani. Basi Ngendo akajiunga na kikundi cha maombi cha kanisani na kuanza kufunga. Mwanzoni ilikuwa Ijumaa pamoja na wengine. Kisha akaongeza Jumatano, kisha akafunga hata wakati kikundi hakifungi. Akiambiwa ale, alijibu kwa upole kwamba ana jambo analomwomba Mungu. Nani angembishia?

Mama Theuri, kiongozi wa kikundi hicho, alimsimamisha mbele ya vijana na kuwaambia wamwige. Watu wakapiga makofi. Mama alirudi nyumbani siku hiyo akifuta machozi ya furaha. Na kadiri Ngendo alivyokonda, ndivyo alivyosifiwa zaidi. Wengine walimwambia amekuwa mrembo, wengine walimwuliza siri yake.

Mimi nililala naye chumba kimoja, kwa hivyo niliona ambayo wengine hawakuyaona. Alivaa sweta mbili na jua la Kutus unalijua. Nywele zilibaki kwenye kitana. Alipenda sana kutupikia, akasimama mlangoni kututazama tukila, lakini yeye alikuwa ameshiba daima. Hedhi yake ilikoma. Nilipomwambia mama hilo, alishtuka, akamwita jikoni na kumwuliza mwanamume ni nani. Ngendo akaapa hakuna. Mama hakuamini.

Halafu, likizo ya Aprili mwaka jana, siku ya soko, Ngendo alikuwa akibeba mtungi wa maji nyuma ya hoteli akaanguka. Wateja waliacha sahani zao wakambeba. Guled, yule mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Nanyuki ambaye hula kwetu akija sokoni, alimlaza kwenye gari lake na kutupeleka hospitalini. Njiani mama alikuwa amemshika miguu. Aliniambia baadaye kwamba ndipo alipojua, kwa sababu ile miguu haikuwa na kitu ndani ya soksi.

Walipompima hakukuwa na mimba. Moyo wake ulikuwa ukipiga polepole mno na chumvi za mwili zilikuwa zimepungua vibaya. Tulihamishiwa Nyeri. Daktari alitueleza kwamba huu ni ugonjwa, unashika akili kisha unaumaliza mwili, na kwamba watu hufa nao. Baba alimwuliza mara mbili kama mtoto anaweza kufa kwa kukataa chakula ilhali chakula kipo. Daktari akasema ndiyo.

Mama aliinama juu ya kitanda na kumwuliza Ngendo kwa nini hakusema. Ngendo alitazama dari.

"Mama, niko na njaa," akasema. "Niko na njaa kila siku. Lakini chakula nakiogopa."

Mama alitoka nje, akaketi kwenye benchi, na mimi nikaketi naye.

Hospitalini walimlisha kidogo kidogo, maana hata chakula kingi cha ghafla kingemdhuru. Alipotoka tulipewa mshauri, anaitwa Bi. Anita, na tunaendelea kumwona huko Nyeri. Alituambia mambo ambayo hatukuyajua. Tusimlazimishe kwa kelele, tusimhonge, tusimpime uzito nyumbani, wala tusimwache ale peke yake. Mama alijaribu, Tata, lakini kila kijiko kilichorudi kwenye sahani kilimtoa machozi, na Ngendo akiona machozi hali tena.

Ndipo baba akaichukua kazi hiyo. Unamjua shemeji yako Gikonyo, mtu asiyeingia jikoni wala kuongea mengi. Alianza kuacha kahawa zake saa ya chakula, akija ananawa, anaketi mbele ya Ngendo na sahani sawa na yake. Anakula polepole kama yeye. Anamweleza habari za shamba, mti upi umeingiwa na wadudu, jirani yupi amechimba mtaro vibaya. Siku moja Ngendo alishika kikombe cha uji hadi kikapoa, akaanza kuomba msamaha. Baba akamwambia, "Hatuna haraka. Uji ukipoa tutaupasha." Waliupasha, ukapoa tena, wakaupasha tena. Mwishowe aliunywa.

Mama naye alikuwa amewaambia watu ni taifodi. Aliona haya. Lakini Mama Theuri alipomwomba aruhusu kikundi kifunge kwa ajili ya Ngendo, mama alisimama katikati ya mkutano. Nilikuwepo. Alisema, "Binti yangu hakuwa anafunga. Alikuwa anaangamia, na sisi tunampigia makofi." Kisha akaketi. Kesho yake Mama Theuri alikuja nyumbani, akaketi karibu na Ngendo wakichambua maharagwe, na hakumhubiria hata neno moja. Amekuwa akija tangu hapo.

Usidhani njia imekuwa nyoofu. Krismasi nyumba ilijaa wageni. Mjomba Kingori, bila ubaya wowote, alimtazama Ngendo na kucheka, akasema sasa amerudi kuwa mtu, mashavu yanaonekana. Kila mtu akacheka. Ngendo aliweka sahani chini, akaingia chumbani, na hakula tena hadi tukamrudisha kwa Bi. Anita. Hiyo ndiyo siku uliyopiga simu. Baba alimtoa mjomba hadi langoni na kumweleza. Mjomba aliumia sana, maana alidhani anamsifu.

Kwa hivyo nina ombi, na ndilo lililonifanya nikae na kuandika. Ukija Agosti, tafadhali usimwambie amenona, wala amekonda, wala amependeza. Usiutaje mwili wake kabisa. Najua kwetu ndivyo tunavyosalimiana, na utaona ulimi unakuwasha. Mwulize habari za shule. Amehamia shule ya kutwa hapa karibu, anarudia kidato cha tatu, na amependa kemia mpaka anatuchosha mezani. Au mwulize kuhusu Wendy, rafiki yake mpya, ambaye humngoja njia panda kila asubuhi. Na mkiketi kula, kula naye tu.

Ngendo ameisoma barua hii, Tata. Ameisoma kwa makini, penseli mkononi, kama mwalimu. Mahali pamoja amecheka, sijui ni wapi. Nilikuwa nimemaliza kwa kukuandikia kwamba tumshukuru Mungu, Ngendo amepona. Amelikata neno hilo kwa mstari mmoja, na juu yake, kwa mwandiko wake mdogo, ameandika: anapona.

Nami nimeliacha hivyo.

Baba na mama wanakusalimu. Cucu anauliza kila siku kama umepata mtu wa kukukanda hilo goti. Tusalimie mwanao Muchiri na umwambie binamu zake hawajamsahau. Mungu akuzungushie mkono wake katika nchi hiyo ya mbali, akupe nguvu za kazi na njia salama ya kurudi kwetu.

Wako akupendaye daima,
Murugi