Nimeinua Pikapu, Keki Inapanda Gari la Jirani

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana hata hapa ninapoandika nanyanyuka kila mara kwenda dirishani kuitazama pikapu yangu, na kila nikiitazama naipenda na kuichukia.

Mimi ni fundi wa kufunga mapazia, nina mke na watoto pacha, na Mungu kwenye urefu alinibania, tangu shule naitwa Nukta na nimezoea, au nilidhani nimezoea, mpaka nilipoona pikapu ya rafiki yangu mmoja imeinuliwa, anatazamana uso kwa uso na madereva wa mabasi, nikasema na mimi, nikaipeleka yangu kwa fundi nikamwambia ipandishe mpaka inapoweza kufika, akafunga springi ngumu za kubebea mizigo na tairi kubwa, na siku ile naiendesha kurudi nyumbani, Mshauri, nilikuwa mtu mwingine, nilimsalimia jirani yetu mwalimu, ambaye ni mrefu kama ngazi yangu ya kazini, nikiwa nauona utosi wake.

Tatizo ni mke wangu. Anaoka keki za sherehe na kila Jumamosi pikapu ndiyo ilikuwa inampeleka kwa wateja, lakini tangu niiinue inaruka hata kwenye kishimo kidogo, meno yanagongana, na keki ya kwanza tuliyobeba ilifika imelala ubavu, bwana harusi akauliza kama huo ni mtindo mpya. Nikapakia magunia ya mchanga nyuma ili itulie, na kweli ikatulia, ila ikadidimia ikawa karibu kama zamani, kwa hiyo nikienda kukutana na wenzangu wenye pikapu ndefu napakua mchanga, nikirudi naupakia tena, mgongo unaniuma, na bure, kwa sababu mke wangu haipandi tena, anapelekwa na yule yule mwalimu kwenye kigari chake cha chini kilichochakaa. Nilipomuuliza kwa nini yeye, akanijibu, "Baba Pacha, keki haina mikono ya kujishikilia. Siku ukiishusha nitaipanda."

Simshuku, nisiseme uongo, lakini Jumamosi nafsi haitulii, nazunguka sebuleni mpaka pacha wananiuliza, "Baba, umepoteza nini?" Na Jumamosi hii ni harusi ya dada yangu mdogo, keki ya ghorofa tatu anaoka mke wangu, na ameshapanga na mwalimu, ina maana ukoo mzima utamwona mke wangu akishuka kwenye gari la mwanamume mwingine na mimi nipo, na papo hapo wenzangu wameniomba niongoze msafara wa maharusi kwa sababu pikapu yangu ndiyo ndefu kuliko zote, maneno ambayo maishani mwangu sijawahi kuambiwa. Nikiishusha nakuwa Nukta tena mbele ya watu, nisipoishusha mke wangu anazidi kukizoea kiti cha mwalimu. Nifanyeje?

Nukta

Nukta, pole sana. Pole hiyo ishike vizuri, maana sina nyingine.

Marehemu mume wangu aliendesha malori na mimi nimekaa sana kiti cha pembeni, kwa hiyo kuhusu springi usinifiche. Umefunga springi za kubeba tani kwenye gari linalobeba mapazia. Hazina uzito wa kuzilaza, ndiyo maana zinakurusha. Tena hukusema neno juu ya shokapu, zile zinazoizuia springi isidundedunde. Bila shaka ulibakiza za zamani, na kwa kimo hicho zimevutika mpaka mwisho. Kisha unapakia mchanga ili gari lishuke na kuupakua ili lipande! Baba mzima, hebu jionee huruma.

Mwalimu wa watu muache. Amekukosea nini? Ana gari lililotulia na anasaidia jirani. Kinachokuuma ni urefu wake, na huo hakuupata gereji.

Sikwambii uirudishe chini kabisa. Raha yako nakuachia kidogo, na mashimo ya barabarani nayo yanataka gari lenye nafasi chini ya tumbo. Kesho asubuhi nenda kwa fundi apunguze nusu ya kimo alichoongeza, afunge springi zinazolingana na mzigo unaobeba kweli, na shokapu za kufaa kimo hicho kipya. Tairi azipunguze upepo mpaka kipimo chake, anyooshe magurudumu, na taa za mbele aziinamishe, maana najua sasa hivi unawamulika watu machoni. Mchanga wape wanaojenga.

Kisha usijipe maksi mwenyewe. Mkalishe mke wako kiti cha pembeni, apakate sufuria ya maji magotini, mpite njia ile ile ya kwenda ukumbini. Maji yakimlowesha, rudi gereji bila kubishana. Springi haipimwi na anayeshika usukani, inapimwa na aliyebeba keki. Na kama mpaka Ijumaa bado yanamwagika, basi keki iende kwa mwalimu, wewe ukae kiti cha nyuma uishikilie, na ukishuka umshukuru.

Msafara waachie wenzako. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na wewe unamtaka mke wako. Mkifika ukumbini shuka kwanza wewe, zunguka, mfungulie mlango, pokea keki mbele ya ukoo wote. Watakuona ulivyo, na hawatashangaa, wamekujua tangu unatambaa. Naye mkeo, siku anakukubali hukuwa na pikapu wala ngazi. Ulikuwa umesimama chini, na alikuona.