Bati Nililolisugua Kila Asubuhi

Swahiba, mkwe wangu amenivua nguo mbele ya mafundi.

Leo nilimlazimisha dada arudishe mabati yake mapya dukani, na paa la zamani la nyumba yake limeshaezuliwa. Nilimwonyesha kile kipande cha bati la aina hiyohiyo nilichokuwa nakimwagia maji ya chumvi uani kwangu, kuona kama kitashika kutu. Kimeoza kama jani la mgomba.

Ndipo akaingia huyo mkwe, si unajua anapima mabati kiwandani. Akakigeuzageuza. “Baba, kutu ulikuwa unaionaje?”

Nikamjibu nakisugua kila asubuhi kwa waya wa sufuria, ili niione vizuri.

“Kila asubuhi.” Akawageukia mafundi. “Mzee amekwangua zinki yote inayozuia kutu, halafu analilaumu bati.”

Kila asubuhi, anarudia, nyoka yule. Mafundi hoi kwa kicheko.

Nikasema hata mvua inasugua. “Mvua gani hiyo yenye meno, Baba?”

Dada hakucheka. Dukani wameshamuuzia mtu mwingine yale mabati, na wingu limetanda.

“Kaka, nyumba yako ina paa,” akasema. Basi.

Sasa amelala chumbani kwangu, mlango kaufunga kwa ufunguo. Mimi niko stoo, juu ya magunia. Na aliyembebea godoro ni mkwe, mshenzi yule, huku anapiga mluzi.