Gauni la Kijani Lililongoja Siku ya Maana

Mama,

Sikusalimii. Najua barua huanza na salamu, wewe ndiye uliyenifundisha, ukinikalisha kitandani na kalamu nimwandikie Nyanya kule ocha, kijijini: hujambo huko, sisi huku hatujambo, hofu ni kwenu tu. Leo hakuna. Nimekukasirikia, na nisipoyatoa haya nitapasuka.

Tangu tukuzike mvua imenyesha ikaisha, na vumbi likarudi hapa Kawangware. Duka langu la ushonaji bado liko palepale mtaa wa Kongo, kati ya kinyozi na yule jamaa wa mitungi ya gesi. Ciru bado anashona na mimi. Watu wakiniuliza niaje, nawajibu niko poa. Siko poa. Nikishika tu kitambaa cha kijani, nakitupa chini, na si kwa huzuni.

Ni lile gauni, Mama. Usijifanye hujui.

Unakumbuka maghorofa ya Nyayo Highrise? Swali gani hilo, mgongo wako unakumbuka. Shule zikifungwa ulinichukua kwenda kufulia watu, tunatoka kwetu Kibera asubuhi, wewe unainama kwa beseni, mimi nakupokeza pegi za kuanikia. Na nguo za watu ulizianika ndani nje, jua lisipaushe rangi. Hapo ndipo nilipoanzia mimi. Watoto wengine waliona nguo, mimi niliona tumbo la nguo. Pindo limekunjwa namna gani. Kola inasimamishwa na nini. Zipu imefichwa wapi. Nilishika kila kitu na ukanichapa mkono, "Akinyi, si zako hizo!" Nikakuambia nikiwa mkubwa nitakuwa na duka langu, na kioo cha kumwonyesha mtu mzima toka kichwani hadi viatu, maana sisi tulikuwa na kipande tu, ukiona jicho huoni mdomo. Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Halafu ukasema, "Nyathina, mwanangu, siku hiyo mimi ndiye wa kwanza kusimama hapo."

Ulisema. Mdomo wako, si wangu.

Nami nikalijenga duka lote juu ya maneno hayo. Kioo nilikinunua kabla ya mashini ya pili, Ciru akaniona mwendawazimu. Nguo zangu nazitundika ndani nje mpaka leo. Wiki ya kwanza kinyozi alikuja kuniambia kwa upole kwamba nimekosea kuzitundika. Wewe mwenyewe uliniuliza, "Duka gani hili linaonyesha watu matumbo?" Lakini mteja akiingia anapitisha kidole kwenye mshono, hapati uzi unaoning'inia, hapati cha kufichwa, na anatoa kitambaa chake nimshonee. Yule mtoto wa pegi ndiye anayenilisha.

Na nguo ya kwanza kabisa kutoka kwenye mashini yangu ilikuwa yako. Kabla ya mteja yeyote. Ulikataa kupimwa, ati "niko na nini mimi cha kupimwa," nikaiba vipimo kwenye rinda lako la zamani. Kijani cha majani ya ndizi. Mikono mipana ili usihangaike ukinyanyua sufuria. Na kwenye mshono wa ubavuni nikaficha mfuko, kwa ajili ya simu yako uliyokuwa unaitia kifuani kila siku. Nilikuletea siku moja kabla ya kufungua duka. Ulilia. Uliita wapangaji wa plot nzima waje waone. Halafu mbele ya macho yangu ukalikunja, ukalitia kwenye nailoni, ukalilaza ndani ya sanduku chini ya kitanda.

Kesho yake ukaja kufungua duka langu na sare ya kanisa. Ile ya kijivu! Na kitambaa cheupe kichwani. Nikakuuliza gauni liko wapi, ukasema, "Nimeliweka. Nitalivaa siku ya maana." Ukasimama mbali na kioo kana kwamba kinauma.

Siku ya maana! Ile haikuwa ya maana? Ndugu yangu alipomaliza kozi ya umeme, haikuwa ya maana? Krismasi ukasema kuna vumbi. Pasaka ukasema kuna matope. Miaka minne, Mama. Kila nikikuuliza unanijibu hivyo hivyo, "Haraka ya nini? Nguo haiozi."

Kweli, nguo haiozi. Mtu ndiye anaoza.

Na si gauni peke yake. Vile vikombe vya maua kwenye kabati, vya wageni. Sisi tulikunywa chai kwa vikombe vya bati maisha yetu yote, na vile vya maua tukavipangusa vumbi kila Jumamosi. Unajua nani alivitumia mwishowe? Waliokuja kukulilia. Niliwaona wakivipitisha mkono hadi mkono, wengine siwajui hata kwa sura. Kimoja kikavunjwa mshikio na mtu hata hakusema pole. Hao ndio wageni uliokuwa unawangojea?

Nilikuambia pia uache kufua. Nilikuambia duka linatutosha sisi wawili. Ukasema mwili ukikaa bure unashika kutu. Presha ikakuangusha juu ya beseni la mtu mwingine, mikono bado ina sabuni.

Kule mochari Anti Risper alikuja na gauni jeupe, yale yanayouzwa nje ya lango, yanang'aa mbele na nyuma hayana kitu. Nikamwambia dada yako hapana. Nikamwambia Mama ana nguo yake. Nikaenda nikavuta lile sanduku, nikafungua nailoni, na gauni likatoka na mikunjo ileile uliyoikunja siku ile. Kwapani safi. Pindo safi. Mimi ni fundi, naijua nguo iliyovaliwa hata mara moja tu. Hukuwahi hata kujaribu.

Mhudumu akaniambia kwa sauti ya chini, "Siste, mwili umekaza. Hii itabidi ikatwe mgongoni." Alikuwa na mkasi butu, hata ugali usingekata. Nikatoa wangu. Ningemwacha mtu mwingine aikate? Nikaanzia kwenye kola, nikateremka, mshono niliouona ndotoni tangu utoto nikaufungua kwa mkono wangu hadi kwenye pindo. Anti Risper alinishika bega akilia yawa, yawa, yawa. Hivyo ndivyo ulivyolivaa gauni langu, Mama. Bila mgongo. Na kwenye mazishi watu wakapita mmoja mmoja, wakakuangalia, wakasema, "Lakini amependeza." Nilitamani kuwafukuza wote.

Niliporudi kazini nikaweka sheria. Hakuna nguo inatoka hapa imefungwa. Ukija kuichukua, unaivaa, unasimama kwenye kioo, unaenda nayo nyumbani mwilini. Hutaki, tafuta fundi mwingine. Wengine walicheka wakavaa. Wengine walinisonya, wakaondoka na hawakurudi, na wakawaambia wenzao. Kufikia mwisho wa mvua kulikuwa na siku Ciru anakaa tu anapaka mashini mafuta. Akaniambia, "Akinyi, hii duka utaifunga kwa hasira. Na mimi niko na mtoto shule." Nilimsikia. Lakini kila mteja aliyesema "nitaiweka," nilisikia sauti yako.

Ndipo akaja Mama Mutheu. Anauza maharagwe na ndengu pale sokoni, ni mtu wa Machakos, umri wako, hata kisigino chake kimepasuka kama chako. Mwanawe anapeleka mbuzi wa mahari kwa wakwe Disemba, na nilikuwa nimemshonea kitenge, kazi nzuri kweli. Akakigeuza, akakigusa, akatabasamu. Kisha akasema, "Nifungie vizuri mamaa, nitakivaa Disemba."

Nikamwambia sheria. Akacheka, akadhani ni mzaha. Aki Mama, sijui nini kilinipanda. Nilimpigia kelele mama wa watu. Nilimwambia Disemba si yake, hakuna mtu aliyeandikiwa Disemba. Nilimwambia yeye ni mchoyo, anamnyima fundi kuiona kazi yake, anashonewa roho ya mtu halafu anaifungia sandukuni. Ciru akasimamisha mashini. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi, mteja wake nyuma amenyolewa nusu kichwa. Na Mama Mutheu ananiangalia tu mpaka nikaishiwa na pumzi. Halafu akauliza, "Kwani mimi ni mama yako?"

Nilikaa chini, juu ya robota la vitambaa.

Hakuondoka. Alikasirika, lakini hakuondoka. Akasema, "Wewe unashona kila siku, huwezi kujua. Mimi nikikivaa kitachafuka. Kikichafuka kitapauka. Kikipauka kimekwisha. Halafu nitakuwa na nini tena cha kungojea?"

Cha kungojea. Ni hicho, Mama? Ni hicho tu? Uliogopa litakwisha?

Basi sasa ndio nimekasirika zaidi! Kwa nini hukuniambia? Nina mashini mbili. Nina mkasi, nina vitambaa hadi kwenye dari. Ungelimwagia mchuzi, ningekushonea jingine. Lingechanika kwa msumari wa mlango, ningelitia kiraka ambacho wewe mwenyewe ungekitafuta usikione. Ulizaa fundi, ukamsomesha kwa kufua, halafu ukaishi kama mtu ambaye duniani amebakiziwa nguo moja! Kama ungesema maneno hayo matatu, nitakuwa na nini, ningekujazia hilo sanduku likatae kufungika.

Nilimfungia kitenge chake. Mara ya kwanza tangu tukuzike. Nikamwambia tu, "Kikichafuka, niletee." Akakitia kwapani akaenda bila kwaheri. Ciru akasema haya, huyo naye tumempoteza.

Wiki jana nilisikia sauti yake kabla sijamwona. Anakuja akigomba tangu kwa jamaa wa gesi. Akaingia. Mama, amekivaa! Siku ya kazi, katikati ya wiki, matope hadi kwenye vifundo, na hapa kifuani doa la mafuta, kubwa, limeshatanuka. "Umeona? Umeona sasa? Si nilikuambia! Nimekivaa kidogo tu nijaribu, wajukuu wakataka chapati, hata sijageuza ya tatu! Ona! Ni wewe na mdomo wako!" Alinigombeza kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kikaango. Nikamsukuma taratibu hadi kwenye kioo nipime kipande cha kubadilisha. Akajiona mzima, toka kichwani hadi viatu vya matope. Mdomo ulikuwa bado unanitukana, lakini mkono wake ukapanda peke yake, ukanyoosha bega la nguo.

Ikabidi nigeuke, nikajifanya natafuta chaki.

Doa lile, Mama. Doa lile la chapati ndilo nililokuwa nikitaka kwako miaka yote. Sikutaka siku ya maana. Nilitaka uje hapa umelichafua, unigombeze mbele ya wateja, useme kitambaa chenyewe ni kibaya, useme mfuko umetoboka simu ikaanguka, uniulize ni ufundi gani huo. Nilitaka kulitengeneza. Ulininyima hilo, na sijui nitakusamehe lini. Labda sitakusamehe. Nakupenda hata nikiwa hivi, lakini usinihimize.

Sheria nimeiondoa. Ciru amepumua, na wateja wawili waliosonya wamerudi, wakajifanya hatujawahi kukosana. Anayetaka kufungiwa namfungia. Namwambia tu, ikichafuka, niletee.

Nakuahidi hivi. Disemba nakuja ocha. Nimejikatia kitambaa chekundu, kile cha bei nilichokuwa namwekea mteja tajiri ambaye hajazaliwa, na nimejishonea mwenyewe. Nitakivaa toka hapa. Nitafika nacho, nipite moja kwa moja hadi kaburini kwako, nipige magoti nipalilie, na mchanga wa kwenu uingie kwenye pindo na majani yanipake kijani magotini. Najua Anti Risper atasimama mlangoni apige kelele, ati nguo nzuri hivyo, niende ndani kwanza nibadilishe.

Lala, Mama. Sibadilishi.

Akinyi wako