Kwa mama mdogo, aliyemtolea Mzee Dharuba jogoo

Mama yangu mdogo uliyelala kijijini Yakobi,

Nimemwona. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ningeanza na salamu ungenikatiza. Mzee Dharuba nimemwona kwa macho yangu, nimesimama karibu naye hadi nasikia anavyopumua. Ni mfupi! Kwenye televisheni alikuwa anajaza mlango, lakini pale ukumbini Njombe mjini alikuwa amevaa sweta mbili na koti juu, na bado anatetemeka. Baridi ya kwetu haiulizi mtu ni maarufu au la.

Unakumbuka ile televisheni ya chogo? Niliipakata mwenyewe kutoka Makambako mpaka kwako, magoti yakafa ganzi. Wakati ule nilikuwa bado nauza mayai ya kuchemsha kwa madereva wa malori pale njia panda, na hili duka la vipuri vya pikipiki sijaliwazia hata kidogo. Ukaitazama, ukasema, "Sasa mwanangu, hiki kidude kitakula umeme wote." Haikupita muda, ukawa unanipigia simu nikiwa kazini.

"Mzee Dharuba amemfukuza mjane kwenye kiwanja chake! Na mvua inanyesha!"

"Mama mdogo, nina mteja hapa."

"Mteja atasubiri. Yule mjane atalala wapi?"

"Ni maigizo, mama mdogo."

"Maigizo, na yule mtoto analia machozi kweli?"

Nikija kwako Jumamosi tulikaa wote wawili mbele ya ile tamthilia, jiko la mkaa katikati, wewe umejifunga kitenge juu ya sweta. Mhusika mwema akitokea ulimsalimia kwa Kibena, "Kamwene," kana kwamba amepiga hodi mlangoni. Mzee Dharuba akitokea, kimya. Unageukia jiko, unageuza viazi. Miaka yote ile alipochoma cheti cha binti yake, alipowakana watoto wake mbele ya mjumbe, hukumpa hata salamu moja. Ila kila usiku kabla ya kulala nilikusikia ukimtaja kwenye sala, baada ya wagonjwa na kabla ya mimi. Nilikuwa nachukia kidogo. Kwa nini yeye atangulie?

Halafu ikaja ile sehemu aliyopiga magoti kwenye matope mbele ya mjane. Viazi viliungua, nakumbuka harufu. Picha ilipoisha ndipo ukasema taratibu, "Kamwene, baba."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Kwetu mtu mwenye shukrani anapita mbele na alichonacho, awe na yai, debe la mahindi au mbuzi, anawaambia washarika anashukuru kwa lipi, kisha kitu chake kinapelekwa nje kwenye mnada baada ya ibada. Mama mmoja alishukuru mwanawe kufaulu. Baba mmoja alishukuru ng'ombe wake kuzaa salama. Ukafuata wewe, jogoo mwekundu kwapani, yule pekee tuliyekuwa naye.

Mchungaji akauliza, "Mama, tushukuru pamoja nawe kwa lipi?"

"Yupo baba mmoja nimemwombea muda mrefu. Alikuwa mbaya sana. Wiki hii amepiga magoti."

Kanisa zima: "Amina!"

"Ni wa hapa kwetu, mama?"

"Hapana. Ni Mzee Dharuba, wa kwenye televisheni."

Walivyocheka, mama mdogo. Kwaya ilicheka, wazee wa kanisa walicheka, mchungaji mwenyewe alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Wewe ulisimama palepale na jogoo wako, ukangoja wamalize. Walipomaliza ukasema, "Basi, mimi nimeshukuru," ukamkabidhi, ukarudi kukaa karibu yangu.

Njiani nilikuwa nimevimba kwa hasira, nataka kurudi nikamvae kila mmoja. Wewe ukaniambia neno ambalo hukumwambia mtu mwingine: "Najua ni maigizo. Mimi si mjinga. Lakini mtu amepiga magoti mbele yangu, nikae tu?"

Hilo neno nimelibeba peke yangu. Wao walibaki na jogoo. Ukawa Mama Tamthilia sokoni, Mama Tamthilia kisimani, Mama Tamthilia kwenye harusi za watoto uliowapokea wewe kwa mikono yako walipozaliwa. Sawa, wewe ulikuwa unacheka nao. Ila mwaka juzi, siku tunakuzika, yule mama aliyesimama kwa niaba ya wanawake wa usharika akasema, "Dada yetu tutamkumbuka kwa jogoo wake," na watu wakacheka. Udongo haujarudishwa bado! Nilitazama lile shimo nikasema moyoni, kumbe umeishi miaka yote hiyo wao wamechukua asubuhi moja tu, na hiyo moja wenyewe wameichukua vibaya. Tangu siku ile sijakanyaga tena ibadani Yakobi. Nasali Makambako, nakaa benchi la nyuma.

Huko Makambako jioni ni ndefu kwa mtu aliyezoea kupigiwa simu. Ndiyo nikaanza kutafuta ile tamthilia kwenye simu, nikaangukia kundi la WhatsApp la wapenzi wake, watu wa huku huku kwetu, wanaobishana kuhusu tamthilia iliyokwisha zamani kana kwamba inaonyeshwa kesho. Kulikuwa na Mama Brayani wa Igwachanya, ambaye sauti zake za kurekodi zilinifanya nipunguze simu wateja wasisikie. Kulikuwa na mwingine anajiita Komandoo, wa Ludewa, upande wa Liganga. Huyo akimsema mhusika mbaya unaweza kudhani ana panga mkononi. Nilicheka nao asubuhi, nikacheka nao usiku. Habari yako sikuwaambia. Niliogopa watacheka na hiyo pia.

Kisha kundi likaamua: tumlete Mzee Dharuba Njombe, iwe Siku ya Mashabiki. Nikaweka nia. Nitamfuata pembeni, nitamweleza kuhusu jogoo na neno lako la njiani. Na nikajiapiza kwamba na yeye akicheka, basi, nitakubali walioshinda ni wale wa kanisani, nitafunga mdomo kuhusu wewe mpaka nami nizikwe. Ndiyo maana siku ile nilifunga duka mapema, nimevaa gauni la sikukuu. Vijana wa bodaboda wakanitania, "Mama Vipuri leo unaenda kuposwa?"

Mlangoni nikakutana na mwanamke mdogo, mwembamba, amejikunja kwenye shali, ananong'ona. Ndiye Mama Brayani! Nikamwuliza ile sauti ya kwenye simu ameiacha wapi. Akasema, "Nyumbani, dada. Naongea nikiwa zizini, ng'ombe hawanitazami." Karibu yake alisimama mzee wa suti ya kahawia, tai imekazwa, Biblia kwapani, katekista kabisa wa sharika za huko milimani.

"Samahani baba, na wewe ni wa kundi?"

"Ndiyo mwanangu. Mimi ni Komandoo."

"Wewe?"

"Jina aliniwekea mjukuu wangu. Sijui linavyotolewa."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, mama mdogo. Watu ambao sijawahi kuwaona, na nilijua nani ana kisukari, nani ugomvi wake na mkwe umeishaje. Mama Brayani alikuwa amenibebea maziwa mgando, kwa sababu niliwahi kusema mara moja tu kwamba ya Makambako hayanipendezi. Mara moja!

Sasa ngoja nikueleze walivyotaka kuharibu. Mshereheshaji akatangaza kwamba kila mtu atapanda jukwaani kumsalimia mgeni na kupiga naye picha, na mgeni ana saa mbili tu, halafu ana safari. Nikatazama viti. Watu walikuwa kama mia mbili. Hata ukimpa kila mtu dakika tatu, hizo ni saa kumi. Hivi watu hawa wanaandaa shughuli bila kupiga hesabu? Waliokaa mbele wangekula muda wote, na sisi wa nyuma tungerudi na picha za migongo ya watu. Nikanyanyuka, nikamwendea mshereheshaji, nikamwambia: gawa watu kumi kumi kwa walivyokaa, kila kundi dakika sita, utamaliza kwa saa mbili. Akatikisa kichwa, akarudia hesabu kwa vidole, akatangaza. Watu wakapiga makofi. Nami nikarudi kukaa nimejaa sifa.

Nilipokaa tu ndipo nikaelewa nilichojifanyia. Kumi kumi! Nilikuja nimweleze mtu mmoja pembeni, na sasa nitamweleza mbele ya watu tisa. Nikataka kuondoka. Komandoo akanitazama akasema, "Mwanangu, umepauka. Umekula?" Nikasema nimekula. Akanishika kiwiko tu, hakuuliza tena.

Zamu yetu ikafika. Wenzangu wakapiga picha, wakamwambia jinsi walivyomchukia, yeye anaitikia, "Asanteni, asanteni." Mama Brayani alimkaripia kwa kile cheti cha binti, kwa kunong'ona. Kisha Mzee Dharuba akanigeukia mimi. "Na wewe dada, ulinichukia kwa lipi?"

Nikasema, "Mimi nimetumwa na marehemu."

Nikaeleza. Nilianza na sala za usiku, nikaja kwenye magoti yako ya matope, yaani yake, maneno yakawa yanagongana. Nilipofika kwenye jogoo, kijana mmoja nyuma yangu akaguna kicheko. Mama mdogo, pale nilikuwa nimeshageuza mguu kushuka.

Mzee Dharuba akauliza, "Jogoo wa rangi gani?"

"Mwekundu. Mkia mweusi."

"Mlikuwa na wengine?"

"Hapana. Huyo huyo."

Akavuta kiti, akakaa. Nikamwambia na lile neno la njiani, vilevile ulivyolisema. Hakucheka. Alivua kofia akaishika magotini, na kwa muda hakuwa mtu wa kwenye televisheni, alikuwa mzee tu mwenye upara anayesikia baridi.

Akasema, "Dada, unajua kilichotokea baada ya sehemu ile? Watu waliacha kutazama. Walinitaka mbaya. Sokoni walizoea kunitukana, wakaacha hata hilo. Nikaambiwa nirudie ubaya au tamthilia ife. Nilikuwa nimeigiza yale magoti kwa nguvu zangu zote, kuliko kitu chochote nimewahi kufanya. Nikajiambia, hakuna aliyeyaona." Akatazama chini. "Kumbe huku alikuwepo mtu."

Kisha akaniuliza swali ambalo tangu tukuzike hakuna aliyeniuliza. "Mbali na hilo, alikuwa mtu wa namna gani?"

Nikaanzia pale uliponichukua kwa marehemu dada yako nikiwa darasa la tatu, ukaniambia usiku wa kwanza, "Kitanda ni kimoja, upande wa ukuta ni wako, una joto." Nikasema ulivyomfukuza kwa mwiko yule mjomba aliyekuja na habari za kuniozesha. Nikasema ulikuwa unaimba sauti ya pili na daima unachelewa neno moja, na mwalimu wa kwaya alikwisha kata tamaa. Mama Brayani akauliza, "Alikuwa anapenda kupika nini?" Komandoo akauliza ulikuwa na watoto wako wa kuzaa, nikasema hapana, alikuwa na mimi, na wale wote aliowapokea kwa mikono yake.

Mshereheshaji akaja mbio. "Dada, dakika sita zimepita, na wewe ndiye uliyezipanga!"

Mzee Dharuba akasema, "Mwache. Waite na wengine waje wasikie."

Wakaja. Kundi la nyuma likasogea, na la nyuma yake, mpango wangu wote ukavurugika na sikujali. Hata yule kijana aliyeguna aliuliza kuhusu yule mjomba, kama alirudi tena. Nikamwambia alirudi, na mwiko ulikuwa bado upo. Hapo ukumbi ulicheka, na mimi nikacheka nao, kwa sababu safari hii walikuwa wanacheka upande wako.

Nisikudanganye, hasira haijaisha yote. Yule mama wa msibani nikikutana naye sokoni nitampa mkono, lakini viazi nitanunua kwa jirani yake. Unanijua. Ila nakushukuru, mama mdogo. Nashukuru kwa upande wa ukuta. Nashukuru kwamba ulimpenda mtu mpaka alipofika mwisho, wakati wengine wote walikuwa wameshazima. Nawashukuru na hawa wa kwenye simu, ambao nilidhani ni wa kupotezea muda.

Nilifika Makambako sauti imekauka kabisa. Asubuhi wateja walikuwa wananiuliza bei, nami nawaonyesha kwa vidole. Mmoja akaniuliza kama naumwa. Nikatikisa kichwa, hapana. Nilikuwa nimemaliza sauti yote kwa habari zako, na nilikuwa bado sijafika hata nusu.

Lala salama upande wako wa kitanda,

Mimi mwanao, uliyemlea