Mchoraji Asiyecheka

Zawadi mjukuu wangu,

Huku ughaibuni, Rexdale, tunapumua. Mama yako kaongezewa shifti ghalani, mgongo unamsumbua.

Unauliza kwa nini yule mzee wa katuni unayemsaidia Tokyo anachekesha Japani nzima, mwenyewe hacheki.

Ujanani nilichora katuni za gazeti Dar es Salaam. Baba alipofariki, watani walimwigiza msibani alivyokuwa akichechemea. Tulicheka, ndiyo mila. Gazeti likataka katuni ya kesho, nami sina wazo. Nikamchora baba akichechemea.

Mji mzima ulicheka. Mama alilikunja gazeti, akaniuliza, "Tangu lini wewe ukawa mtani wa baba yako?"

Mpaka mama anazikwa niliendelea kuchekesha mji, mwenyewe sicheki.

Usimwulize mzee wako. Mwangalie tu anamchora nani.

Babu yako